Manowari Zisizo na Watu: Namna ya Kuisoma Picha ya Bandari ya Toulon

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote njema ni za Allah (S.W). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Katika masomo ya historia ya Kiislamu tumezoea kusoma maandishi: sira, tarehe, vitabu vya safari. Picha huwa tunaziruka, au tunazitumia kupamba tu. Somo letu la leo linahusu picha moja ya zamani iliyochorwa kwa rangi za maji, yenye manowari za Dola ya Uthmania zikiwa bandarini Toulon, kusini mwa Ufaransa. Picha za aina hii hutumwa sana kwenye makundi yetu ya simu zikiwa na maneno ya kujivunia: tazameni tulivyokuwa! Hakuna ubaya kufurahia historia yetu. Lakini mwanafunzi wa elimu ya dini anatakiwa kuuliza zaidi ya hapo, na swali kuu tutakalouliza leo ni hili: watu wako wapi?

1. Picha yenyewe

Picha hiyo imo ndani ya kitabu cha hati ya mkono kinachohifadhiwa katika maktaba ya Jumba la Topkapı, Istanbul. Kitabu kilitengenezwa yapata mwaka 1545, na kinaeleza vita vya Sultani Suleiman huko Hungaria pamoja na safari ya jeshi lake la majini katika Bahari ya Kati mwaka 1543 (950 Hijria). Wanazuoni wengi wanakihusisha na Matrakçı Nasuh. Mbali na Toulon, humo mna picha za bandari nyingine ambazo jeshi hilo lilizipitia au kuzishambulia, kama vile Nice na Genoa.

Ukiitazama picha ya Toulon unaona ghuba iliyojaa manowari ndefu, nyembamba, zenye milingoti na bendera. Hizi ni manowari za makasia, ambazo Waturuki waliziita kadırga. Mji nao umechorwa na kuta zake, minara yake na mapaa ya nyumba. Lakini hakuna baharia hata mmoja melini, na barabarani hapiti mtu. Ni bandari nzima iliyojaa vyombo vya vita, na haina binadamu.

2. Mchoraji na rangi zake

Nasuh alikuwa mtu wa Bosnia kwa asili, akalelewa na kusomeshwa katika jumba la Sultani, na alifariki mwaka 1564. Jina la Matrakçı alilipata kutokana na matrak, mchezo wa kupigana kwa fimbo uliotumika kuwafundisha askari mbinu za upanga. Alikuwa pia mwanahisabati; mwaka 1517 aliandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya makarani wa serikali. Alikuwa mwandishi wa hati nzuri, na mwanahistoria aliyeifasiri Tarehe ya Imam at-Tabari kwa Kituruki. Jambo hili la at-Tabari tuliweke akilini, tutalirudia.

Rangi za maji za wachoraji wa Kiuthmania hazikuwa nyepesi kama zile tunazozijua za shuleni. Madini yalisagwa hadi kuwa unga laini, yakachanganywa na maji na kishikizo kama vile gundi ya mgunga au kiini cha yai. Rangi iliyopatikana ilikuwa nzito, haionyeshi karatasi iliyo chini yake. Karatasi ilipakwa ute wa yai, kisha ikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka ing'ae. Mistari ilichorwa kwa brashi ya nywele chache, na dhahabu ikatumika mahali palipostahili. Kwa sababu picha ilifungwa ndani ya kitabu na haikupigwa na jua ukutani, rangi zake zimedumu kwa karne nyingi.

3. Sheria inasemaje kuhusu kuchora meli?

Hili ni swali ambalo ndugu zetu wanaosoma sanaa, usanifu wa majengo na uhandisi huliuliza mara kwa mara. Msingi wake ni tukio lililopokewa katika Sahih al-Bukhari na Sahih Muslim. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A) akamweleza kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, yaani kuchora picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W) kuhusu adhabu ya mwenye kufanya sura: kwamba atatakiwa aipulizie roho, naye hataweza. Yule mtu alishtuka sana, uso ukambadilika. Ibn Abbas alipoiona hali yake hakumwacha bila njia. Alimwelekeza kwamba kama hana budi na kazi hiyo, basi achore miti na kila kitu kisicho na roho.

Tuangalie hekima iliyomo. Sahaba amesema kweli yote bila kuipunguza, kisha akamfungulia fundi mlango wa halali ili riziki yake isikatike. Kutokana na hadithi hii, jamhuri ya wanazuoni wamesema kuchora visivyo na roho kunaruhusiwa: milima, miti, majengo, na meli imo humo. Imepokewa kutoka kwa Mujahid kwamba alichukia kuchora mti wenye matunda, lakini wengi hawakuifuata rai hiyo. Kwa hiyo kuchora manowari, kwa asili yake, hakuna tatizo.

4. Je, hiyo ndiyo sababu ya picha kukosa watu?

Hapa wengi huteleza. Mtu akishaijua hukumu hiyo, haraka husema: Nasuh hakuchora watu kwa sababu dini imemkataza. Jibu hilo linaonekana zuri, lakini ushahidi unalikataa.

Kwanza, wachoraji wa jumba la Sultani wa zama zile zile walichora watu kwa wingi. Kitabu cha Süleymanname cha mwaka 1558, kilichoandikwa na Arifi kwa ajili ya Sultani Suleiman, kimejaa picha za Sultani, mawaziri na askari. Pili, Nasuh mwenyewe alichora wanyama. Katika kitabu chake cha safari ya Iraki, kilichokamilika mwaka 1537 au 1538, kuna miji na vituo vya njiani visivyo na watu, lakini kuna wanyama na ndege katika mbuga na mito. Mnyama ana roho. Kama sababu ingekuwa ile hadithi, wanyama nao wasingekuwepo.

Sababu iliyo karibu zaidi ni kazi ya vitabu vyenyewe. Nasuh alikuwa akirekodi mahali: ngome iko wapi, mto unapita wapi, bandari imekaaje, jeshi lilipiga kambi wapi. Picha zake zilikuwa karibu na ramani. Mtengeneza ramani hachori wapita njia.

Somo la kwanza tunalolipata hapa ni kwamba tusiisingizie dini kila tunalolikuta katika historia ya Waislamu. Waislamu wamefanya mambo mengi kwa sababu za kazi, mazoea, siasa na mapenzi yao. Sura al-Hujurat (49:6) inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuichukua. Amri hiyo inaingia pia katika habari tunazozipenda.

5. Kilichotokea Toulon

Sasa tuwarudishe watu ndani ya picha. Mwaka 1543 Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa alikuwa vitani na Charles wa Tano, mfalme wa Uhispania na kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi. Charles alikuwa pia adui wa Sultani Suleiman. Kwa hiyo Mkristo wa Ufaransa na Muislamu wa Istanbul wakaungana dhidi ya Mkristo mwingine. Suleiman alituma jeshi la majini lenye manowari za makasia zaidi ya 100 chini ya amiri wake mashuhuri, Hayreddin Barbarossa.

Mwezi Agosti, Waturuki na Wafaransa wakauzingira mji wa Nice, uliokuwa wa Mtawala wa Savoy. Mji ukaanguka, ngome yake ikawashinda. Majira ya baridi yalipokaribia, manowari za makasia hazikuweza kukaa baharini. Ni vyombo vya upande wa chini, na dhoruba huvizamisha. François akawapa Toulon iwe bandari yao mpaka majira ya kuchipua. Aliwaamuru wakazi wauhame mji, isipokuwa wachache waliohitajika kubaki. Waturuki wapatao 30,000 wakaingia, na kanisa kuu likatumika kama msikiti kwa kipindi hicho. Walikaa mpaka mwaka 1544.

Kwa hiyo, ukizitazama zile nyumba tupu kwenye picha, kumbuka kwamba wenyewe waliondoshwa. Kuna familia zilizobeba watoto na vyombo zikatafuta pa kulala majira ya baridi, kwa sababu wafalme wawili walikuwa wamekubaliana. Sisi wa nchi hizi za Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kuambiwa uhame.

6. Nani alikuwa akivuta kasia?

Manowari ya makasia ina tanga, lakini vitani na bandarini inategemea mikono. Kadırga ya kawaida ilihitaji wavuta makasia wapatao 150, waliokaa kwenye mabenchi pande zote mbili, watu kadhaa kwa kasia moja. Tufanye hesabu nyepesi: manowari 100 mara watu 150 ni watu 15,000. Picha imejaa manowari, basi imejaa pia watu hao, ila hawaonekani.

Walikuwa nani? Wapo walioandikishwa kutoka mikoani. Kaya kadhaa zilitakiwa kutoa mtu mmoja na kumlipia. Wapo wahalifu waliohukumiwa. Na wapo mateka wa vita, wengi wao Wakristo, waliofungwa minyororo kwenye mabenchi. Upande wa pili hali ilikuwa hiyo hiyo: manowari za Uhispania, Genoa na Malta zilivutwa na mateka Waislamu. Turgut Reis, aliyekuja kuwa amiri mkubwa wa Waislamu baharini, alitekwa mwaka 1540 na kuwekwa kwenye makasia ya Wagenoa. Barbarossa ndiye aliyemkomboa mwaka 1544, katika msafara huu huu wa kutoka Toulon.

Habari ya kukombolewa kwa Turgut tunapenda kuisimulia. Lakini katika safari hiyo hiyo ya kurudi nyumbani, jeshi hilo lilikivamia kisiwa cha Lipari, karibu na Sisilia, na kuchukua maelfu ya wakazi wake, wanaume, wanawake na watoto, kuwa mateka. Mtu akisimulia la kwanza na kulificha la pili, hajasimulia historia. Amechagua.

7. Kipimo chetu wenyewe

Baadhi yetu watasema: hizo zilikuwa desturi za vita vya zama zile, kila mtu alifanya. Ni kweli kwamba kila upande ulifanya, na ni haki kuusema ukweli huo kwa wanaotaka kuwalaumu Waislamu peke yao. Lakini sisi tuna kipimo kingine zaidi ya desturi za zama.

Turudi kwa at-Tabari, ambaye Nasuh alimfasiri. Katika matukio ya mwaka 28 Hijria anasimulia safari ya kwanza ya kivita ya Waislamu baharini, kuelekea Cyprus. Muawiya (R.A) alikuwa ameomba ruhusa kwa Khalifa Umar (R.A), naye akakataa kwa kuwahofia watu hatari ya bahari. Alipokuja Uthman (R.A) aliruhusu, lakini kwa sharti: asiwateue watu kwa lazima, wala asiwapigie kura, awape hiari, na atakayechagua kwenda mwenyewe ndiye amchukue na kumsaidia. Hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa kwa jeshi la majini katika Uislamu, na ndani yake limo neno hiari.

Tazama pia nani anayekumbukwa katika safari ile. Ni Umm Haram bint Milhan (R.A), ambaye Mtume (S.A.W) alikuwa amembashiria kuwa miongoni mwa watakaosafiri baharini. Alifika Cyprus, akaanguka kutoka kwenye kipando chake, akafariki. Hadithi yake imo katika Sahih al-Bukhari, na kaburi linalonasibishwa naye huzuriwa mpaka leo karibu na Larnaca. Idadi ya meli za Cyprus wachache wetu wanaijua, lakini jina la mwanamke huyu limehifadhiwa.

Na Qur'ani inapotaja merikebu? Mara nyingi inaitaja kama ishara ya uwezo wa Allah na neema yake, kama katika Sura ash-Shura (42:32-33) na Sura Ibrahim (14:32). Lakini katika Sura al-Kahf (18:79), Khidhr anapomweleza Nabii Musa (A.S) kwa nini aliitoboa jahazi, maelezo yanaanza na watu: ilikuwa ya maskini waliofanya kazi baharini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo. Jahazi lilitiwa ila ili riziki ya wale maskini isalimike. Ndani ya aya moja tumeonyeshwa mvuja jasho, chombo chake, na mwenye nguvu anayekitamani. Anayeisoma aya hii kila Ijumaa hawezi kuitazama manowari akaona mbao na bendera tu.

Kuhusu mateka nako, Sura al-Insan (76:8) inawasifu wanaomlisha mateka chakula wanachokipenda wao wenyewe, na Sura Muhammad (47:4) inataja kuwaacha huru kwa hisani au kwa fidia. Tukiwapima watu wa mwaka 1543 kwa kipimo hiki, hatuazimi kipimo cha wageni. Tunatumia chetu.

8. Manowari hizo zilifika pwani yetu pia

Tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mwaka 1589 amiri wa Kiuthmania, Mir Ali Bey, alikuwa Mombasa na manowari chache za makasia, akiwasaidia Waislamu wa pwani dhidi ya Wareno. Ilikuwa safari yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1585 na 1586. Mwezi Machi Wareno wakaja na jeshi kubwa kutoka Goa, wakaziteka manowari zake na yeye mwenyewe. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Atakayepata nafasi ya kuzuru ngome hiyo ataona michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani. Aipime kwa maswali yale yale tutakayoyataja hapa chini.

9. Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, picha ya zamani ni shahidi, na shahidi huulizwa. Nani aliichora, kwa ajili ya nani, na kwa kazi gani? Nasuh aliwachorea watawala kumbukumbu ya mahali. Tusimdai asichokusudia, wala tusidhani ametuonyesha kila kitu.

Pili, uliza nani hayumo. Kama ni manowari, nani aliivuta? Kama ni msikiti mkubwa, nani alibeba mawe? Kama ni mji, nani aliondoshwa? Swali hili halimvunjii heshima mchoraji wala dola yake. Linawapa haki yao watu ambao hakuna aliyewaandika.

Tatu, tuwe waadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, kama tulivyoamrishwa katika Sura an-Nisaa (4:135). Aya hiyo tunaifahamu katika ushahidi wa mahakamani. Mwanahistoria naye ni shahidi. Darasani tutakutana na watu wanaoisema vibaya historia ya Waislamu kwa uongo. Tukiwa tumezoea kuficha, hatutakuwa na nguvu ya kuwajibu, kwa sababu wakigundua moja tulilolificha hawatatuamini katika mia tuliyoyasema kweli.

Nne, tusiidharau sanaa. Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji kwenye halali, hakumfukuza. Miongoni mwetu wapo wenye vipaji vya kuchora. Nani atachora misikiti ya kale ya Kampala, Bujumbura na Ujiji kabla haijabomolewa yote na kujengwa upya? Rangi za maji ni za bei nafuu, na karatasi ipo.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Soma Sura al-Kahf 18:71 na 18:79. Kwa nini Nabii Musa (A.S) aliona kitendo kile ni kibaya, na ni habari gani aliyoikosa? Unaweza kuifananisha vipi na mtu anayeitazama picha ya Toulon kwa mara ya kwanza?

2. Sharti la Uthman (R.A) kuhusu hiari lina maana gani kwetu leo tunapogawa kazi ndani ya jumuiya yetu, hasa zile ngumu ambazo daima huangukia watu wale wale?

3. Tafuta picha moja ya zamani ya mji au msikiti wa eneo lako. Andika ukurasa mmoja juu ya watu wasioonekana ndani yake, kwa kuwauliza wazee wanaowakumbuka.

Allah atujaalie tuwe wenye kusema kweli, iwe kwa faida yetu au kwa hasara yetu, na awarehemu waliotutangulia, wanaojulikana na wasiojulikana.

Wallahu a'lam.